Boroni kwa bitiruti za Mombasa: jinsi ya kutambua upungufu, kupima na kuweka bila kuzidisha

Ukipasua bitiruti ukakuta madoa meusi, makavu na magumu kama kizibo ndani ya nyama yake, usikimbilie dawa ya ukungu. Mara nyingi hakuna kuvu wala kidudu kilichoanzisha jambo hilo. Mmea umekosa boroni, kirutubisho ambacho ekari nzima huhitaji chini ya kilo moja kwa msimu. Nimeona wakulima wa Likoni na Kisauni wakinunua dawa chupa baada ya chupa kwa tatizo ambalo gramu chache za boraksi, chumvi yenye boroni, kwa kila tuta zingelizuia, na inaniuma, kwa sababu fedha hiyo ingelipa maji ya mwezi.

Mengi tunayoyajua juu ya boroni na bitiruti yamefunzwa na kiazisukari, ndugu yake mweupe anayelimwa Ulaya, Marekani na Misri kwa ajili ya kiwanda cha sukari. Mimea hii miwili ni spishi moja, Beta vulgaris. Sisi Kenya sukari yetu hutoka kwenye miwa, lakini kinachomuumiza kiazisukari ndicho kinachoiumiza bitiruti yetu. Mwaka 1923 Katherine Warington, akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted huko Uingereza, alionyesha kwamba baadhi ya mimea haiwezi kukamilisha ukuaji wake bila boroni. Mwaka 1931 mtafiti Brandenburg akathibitisha kwamba ule uozo wa moyo, yaani wa katikati ya mmea, uliokuwa ukiwasumbua wakulima wa viazisukari ulitokana na kukosa boroni. Tangu hapo boroni imekuwa sehemu ya kawaida ya mbolea ya kiazisukari mahali penye udongo wa mchanga au wa chokaa.

Na huo ndio udongo tulio nao. Ukanda wa Nyali, Bamburi na Shanzu umekaa juu ya mawe ya matumbawe, yaani chokaa, na boroni hushikwa na udongo kadiri pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa udongo, inavyopanda kupita 7. Mtongwe na sehemu nyingi za Likoni ni mchanga. Huko boroni haishikwi, inasombwa na mvua ya masika ikashuka chini ya mizizi. Wa Changamwe, Jomvu na Mwakirunge wenye udongo mzito wa mfinyanzi wana nafuu kidogo, ila nao wapime.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba ni boroni

Boroni ikishafika kwenye jani la bitiruti haihami tena. Jani kuukuu haliwezi kulikopesha jani changa. Kwa hiyo dalili huanzia katikati ya mmea, kwenye moyo wake, na hilo ndilo jambo la kwanza la kuangalia.

Chuchumaa mbele ya mmea ufunue majani ya nje. Majani madogo ya ndani yakiwa yamedumaa, yamejikunja, meusi kwenye ncha au yamekufa kabisa huku ya nje yangali makubwa, shuku boroni. Kisha kata shina la jani la kati na ulitazame upande wa ndani, ule wenye mfereji. Utaona mipasuko midogo ya kukingama, mmoja juu ya mwingine, iliyopona kwa gamba la kahawia. Dalili hiyo ni nzito, kwa sababu matatizo mengine ya bitiruti hayaleti mipasuko ya namna hiyo. Mmea ukiendelea kukosa, moyo hufa, vijichipukizi vingi dhaifu huota kuuzunguka, na kichwa cha kiazi huanza kuoza na kuwa na shimo. Uozo huo huingiliwa na kuvu baadaye, ndiyo maana watu hudhani kuvu ndicho chanzo.

Ndani ya kiazi, madoa meusi hutawanyika kwenye pete, mara nyingi bila ishara yoyote kwa nje. Mkulima hupeleka gunia Kongowea likiwa zuri la kupendeza, na mama wa juisi akifika nyumbani akapasua ya kwanza, ya pili, ya tatu, anakuta weusi. Hatarudi kwako. Ukitaka kujua hali yako kabla mnunuzi hajaijua, ng'oa bitiruti tano kutoka pembe tofauti za shamba wiki moja kabla ya kuvuna, uzipasue kwa kukingama, si kwa urefu, ili pete zote zionekane.

Yasiyo boroni: madoa ya mviringo yenye ukingo wa zambarau kwenye majani makuukuu ni ugonjwa wa madoa ya majani. Vinundu kwenye mizizi midogo ni minyoo fundo. Majani yote kunyauka mchana na kuinuka jioni ni kiu tu.

Ishara moja ya ziada iko kwa jirani. Kama mipapai ya eneo lako huzaa matunda yenye vinundu na umbo lililopindapinda, kuna uwezekano mkubwa udongo wenu wote una upungufu huo huo.

Hatua ya 2: Pima udongo, na uwaambie unataka boroni

Pima miezi miwili kabla ya kupanda. Chukua udongo sehemu kumi hadi kumi na tano za shamba, kina cha sentimita 20, uchanganye ndani ya ndoo safi ya plastiki ambayo haijawahi kubeba mbolea. Anika kivulini, weka nusu kilo ndani ya mfuko safi. Ofisi ya kilimo ya kaunti au kituo cha KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, pale Mtwapa watakuelekeza maabara ya kupeleka.

Waambie wazi: nataka na boroni. Vipimo vya kawaida huishia kwenye pH, naitrojeni, fosforasi na potasiamu, na mtu hulipa akarudi na karatasi isiyo na jibu alilolitafuta. Kwa kipimo cha maji ya moto, ambacho ndicho kinachotumika sana, boroni chini ya miligramu 0.5 kwa kilo ya udongo ni upungufu kwa bitiruti. Ikizidi 1, mara nyingi huhitaji kuongeza chochote. Jani nalo hupimwa: chukua majani yaliyokomaa karibuni, si ya moyo wala ya nje kabisa. Chini ya miligramu 20 kwa kilo ya jani kavu ni upungufu. Kati ya 30 na 100 mmea umeshiba.

Hatua ya 3: Pima maji ya kisima chako

Hatua hii huikuti kwenye miongozo ya wakulima wa bara, lakini kwetu ina uzito kuliko zote.

Maji ya bahari yana boroni, karibu miligramu 4.5 kwa lita. Visima vingi vya pwani vimeingiwa na bahari. Ladha yenyewe inakwambia. Sasa piga hesabu. Tuseme maji ya kisima chako yana sehemu moja ya bahari kwa ishirini. Kila lita ina takriban miligramu 0.22 za boroni. Ukimwagilia lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku, kwa siku 70, umemwaga lita 350, na ndani yake kuna karibu miligramu 79 za boroni kwa kila mita ya mraba. Kwa tuta la mita 10 za mraba hiyo ni gramu 0.8. Utaona katika hatua ya 5 kwamba kipimo chote cha mbolea ya boroni kwa tuta hilo ni gramu 1 hadi 2.

Kwa maneno mengine, jirani mwenye kisima cha chumvi anaweka boroni kila siku bila kujua, na akiongeza boraksi juu yake anaweza kuvuka mpaka. Bitiruti yenyewe ni mvumilivu. Babu yake wa porini huota ufukweni mwa bahari huko Ulaya, kwa hiyo hustahimili chumvi na boroni kuliko mboga nyingi, isipokuwa inapochipua. Lakini mazao utakayopanda baadaye kwenye tuta hilo hayana uvumilivu huo.

Kwa hiyo peleka chupa ya maji maabara pamoja na udongo. Wanaomwagilia kwa maji ya mfereji au ya mvua waliyoyakinga hawana wasiwasi huu.

Hatua ya 4: Soma lebo kabla hujalipa

Agroveti watakuonyesha vitu vya namna tatu. Boraksi ya kawaida ina boroni asilimia 11.3. Asidi ya boriki ina 17.5. Unga laini wa kuyeyusha, uliotengenezwa kwa ajili ya kunyunyizia majani, una karibu 20.5. Vyote vinafaa, tofauti ni kipimo.

Angalia mtego mmoja. Lebo nyingine huandika B, nyingine huandika B2O3, ambayo ni boroni pamoja na oksijeni yake. Ukikuta B2O3, zidisha kwa 0.31 kupata boroni halisi. Mfuko ulioandikwa B2O3 asilimia 48 una boroni asilimia 15, si 48.

Usitumie dawa ya mende yenye boriki. Huchanganywa na vitu vingine, na hujui kiasi cha boriki kilichomo. Na kama mbolea yako ya kupandia tayari ina boroni, ihesabu. Iko kwenye lebo upande wa nyuma kwa herufi ndogo.

Hatua ya 5: Pima kwa mizani

Kipimo cha kawaida cha bitiruti na kiazisukari ni kilo 1 hadi 2 za boroni kwa hekta. Kwa tuta la mita 10 za mraba, yaani upana wa mita moja na urefu wa mita kumi, kilo 1 kwa hekta huwa gramu 1 ya boroni. Ili kujua uzito wa bidhaa, gawanya 100 kwa asilimia ya boroni iliyo kwenye lebo:

- Boraksi: gramu 9 kwa tuta kwa kipimo cha chini, 18 kwa cha juu.
- Asidi ya boriki: gramu 6, au 11.
- Unga wa kuyeyusha: gramu 5, au 10.

Kwa ekari nzima, kipimo cha juu ni boraksi kilo 7 na kidogo, au unga wa kuyeyusha kilo 4. Maoni yangu kwa wa mchangani: anza na kipimo cha chini udongoni na ukamilishe kwa kunyunyizia majani, kwa sababu mvua moja kubwa ya Mei inaweza kuondoka na sehemu ya ulichoweka. Wa udongo wa matumbawe wanaweza kufika cha juu iwapo maabara imethibitisha upungufu.

Kijiko hakifai hapa. Kijiko kimoja kilichojaa hadi juu na kingine kilichosawazishwa kinaweza kutofautiana karibu mara mbili, na boroni ni kirutubisho ambacho umbali kati ya shibe na sumu ni mfupi mno. Nunua mizani ndogo ya gramu, ile wanayopimia iliki na zafarani kwenye maduka ya viungo Marikiti. Bei yake si kubwa na utaitumia miaka.

Hatua ya 6: Tandaza sawasawa, kisha panda

Gramu 9 hazionekani ukizirusha kwa mkono. Zitaangukia nusu tuta na kuiacha nusu nyingine na njaa. Njia mbili hufanya kazi. Ya kwanza, yeyusha kwenye keni ya lita 10, koroga mpaka maji yawe maangavu kabisa, umwagilie tuta lote kwenda na kurudi. Boraksi huyeyuka polepole katika maji baridi, hivyo anza na lita moja ya maji ya moto. Ya pili, changanya na nusu ndoo ya mchanga mkavu wa mtoni au wa shambani na utandaze. Mchanga wa ufukweni acha, una chumvi.

Fanya hivyo siku chache kabla ya kupanda, ukichanganya na udongo wa juu kwa jembe. Usiweke boroni kwenye mfereji wa mbegu: mche unaochipua huungua.

Samadi iliyooza vizuri weka kwa ukarimu. Hushika maji na kushika boroni, na katika mchanga hakuna kitu kitakachokusaidia zaidi. Jivu la jikoni usiweke kwenye tuta la bitiruti. Hupandisha pH, na pH yetu imeshapanda vya kutosha.

Kupanda kwenyewe mnakujua. Wakati mzuri kwetu ni mwisho wa Mei na Juni, mvua kubwa ikipungua, ili kiazi kinenepe Julai na Agosti penye ubaridi wa kusi. Sentimita 30 kati ya mistari na 10 kati ya mimea, mbegu kina cha sentimita 2. Kila mbegu ya bitiruti mara nyingi ni kifundo chenye mbegu kadhaa, basi punguza miche mapema.

Acha tuta moja bila boroni, ulitunze kama mengine. Bila tuta hilo hutajua kama boroni imekusaidia au ni mwaka ulikuwa mzuri tu.

Hatua ya 7: Nyunyizia majani

Mmea ukiwa na majani sita hadi manane, kabla majani hayajafunika udongo, chukua gramu 40 za unga wa kuyeyusha kwa bomba la mgongoni la lita 20. Bomba moja litoshe karibu mita 500 za mraba, yaani nusu ya robo ekari. Rudia baada ya siku 10 hadi 14, kisha mara ya tatu ikiwa udongo wako ni mchanga mtupu. Mara tatu hizo ni sawa na nusu kilo ya boroni kwa hekta.

Nyunyizia asubuhi na mapema, upepo wa kusi ukiwa bado haujapamba moto. Jua la saa sita na majani yenye dawa havipatani. Usichanganye na dawa ya wadudu ndani ya bomba moja. Unga huo wa boroni hupandisha pH ya maji na dawa nyingine huharibika humo.

Moyo uliokwisha kufa haufufuki kwa kunyunyiziwa. Mapema ndiyo tiba, na anayesubiri dalili zijitokeze tayari amepoteza sehemu ya mavuno.

Maji nayo yasikatike. Boroni huingia mmeani ikifuata maji kutoka mizizini kwenda majanini, kwa hiyo wiki ya ukame huleta njaa ya boroni hata penye udongo wenye boroni ya kutosha. Mwagilia kidogo kidogo kila siku, hasa mchangani, kuliko mafuriko mara moja kwa wiki.

Hatua ya 8: Angalia dalili za kuzidi

Boroni ikizidi, dalili huanzia upande wa pili: majani makuukuu hugeuka njano kwenye kingo, kisha kingo hizo huungua na kukauka huku moyo ukiwa mzima. Ukiona hivyo, acha kunyunyizia papo hapo. Mwaga maji mengi matamu, si ya kisima cha chumvi, ili boroni ishuke chini. Mchangani husafishika haraka. Mfinyanzi huchukua muda.

Hatua ya 9: Pima mavuno yako

Vuna kati ya siku 60 na 90 kutegemea aina. Pima uzito wa tuta lenye boroni na lile lisilo na boroni, kisha pasua kumi kutoka kila moja uhesabu zenye weusi. Ukipata refraktomita ya kuazima, kamua tone la juisi uone kiwango cha sukari.

Tegemea nini? Viazisukari vilivyokuwa na upungufu, vikipewa boroni, huongeza uzito wa mizizi na mara nyingi asilimia ya sukari, na juisi yake huwa safi zaidi kwa kiwanda. Sababu inaeleweka: boroni hufunga kuta za seli changa na husaidia sukari kutoka jani kwenda mzizini. Moyo ukifa, mmea hutumia akiba ya mzizi kuotesha majani mapya, na akiba hiyo ndiyo sukari. Lakini penye boroni ya kutosha, kuongeza hakuleti kilo hata moja. Ndiyo maana nimeweka kupima kabla ya kununua.

Kwa bitiruti ya sokoni faida kubwa naiona kwenye usafi wa ndani. Mnunuzi wa juisi na wa saladi hulipia nyama nyekundu isiyo na doa, na akiipata kwako msimu huu atakupigia simu msimu ujao kabla hujavuna.

Baada ya bitiruti

Tuta lililowekwa boroni lisifuatiwe na maharagwe wala njugu. Hizo huungua kwa kiasi ambacho bitiruti haikihisi. Panda kabichi, koliflawa au sukumawiki, ambazo zinapenda boroni na zitamaliza iliyobaki. Usirudie kuweka udongoni msimu unaofuata bila kupima upya, hasa kama unatumia kisima. Unga uliobaki ufunge kwenye chombo chenye jina lake, juu, mbali na watoto na mbali na rafu ya chumvi na magadi, kwa sababu kwa macho havitofautiani.